Fumbwe wa Ombui

“Ulimwachilia wewe—”

“Sikumwachilia! Ndiye huyu—”

“Huyu? Shomoro huyu? Mama Nyangate, usinifanye mtoto!”

“Tazama mdomo wake kwanza, mwekundu kama—”

“Midomo myekundu imejaa nyasini!”

Ombui alisimama mbele ya kizimba cha wavu nyuma ya nyumba yao, huko Keroka. Mwaka ule wa 1971 fumbwe ndiye aliyekuwa fahari yake: ndege mdogo wa nyasini, mweusi kwa mweupe, mkia mrefu kama utepe wa bibi harusi. Alimnasa mwenyewe kwa ulimbo, na kila Sabato baada ya kanisa aliwaleta wageni wamwone. Sasa kizimbani palikuwa na kitu cha rangi ya vumbi, hata mkia hakina.

“Masika yakianza na ndege wangu hajarudi,” alimwambia mkewe, Mong'ina, “funga mizigo urudi kwenu Magwagwa. Mimi siishi na mwizi.”

Tangu siku hiyo hakukanyaga tena nyuma ya nyumba.

Mong'ina aliyameza maneno yale kama dawa chungu. Ni yeye aliyempa ndege punje za wimbi na maji. Kiangazi kilipoingia, wiki zile Ombui alipokuwa safarini, aliyaona manyoya meusi yakidondoka moja moja, kama mtu anayevua nguo za sikukuu. Alikijua hata kile kidole cha mguu wa kushoto, kilichopinda siku ya ulimbo. Mchana, kazi ikipungua, aliketi kando ya wavu. Ukungu ulishuka kutoka kwenye mashamba ya majani chai, dunia ikawa nyeupe kama maziwa, naye akaota kwamba yeye ndiye aliye ndani, na ndege yuko nje, ametulia, anamngoja.

Siku moja likatokea doa jeusi kichwani. Kisha unyoya wa mkia, mwembamba kama uzi. Mong'ina akacheka peke yake, akafunika kizimba kwa gunia, asimwambie mtu.

Masika yalifika yakinguruma. Asubuhi yake Ombui akaja na jirani yao Bonareri awe shahidi.

“Haya. Ndege yuko wapi?”

Mong'ina akavuta gunia. Fumbwe akaruka, mkia ukimfuata hewani polepole, kama wimbo usiotaka kuisha.

“Umenasa mwingine!” Ombui alisema, lakini sauti ilikuwa imeshalegea.

“Tazama kidole.”

Ombui akainama. Akatazama. Akatazama tena.

“Kumbe alikuwa hapa siku zote?”

“Siku zote.”

Bonareri akapiga makofi. “Ombui, leo utachinja! Na leso mpya juu!”

“Nitachinja,” Ombui alisema, macho chini. “Nisamehe, Mama Nyangate. Leso, mbuzi, sema tu unachotaka.”

Mong'ina alipangusa mikono kwenye leso yake iliyopauka. Akavuta kigoda, akakiweka mbele yake, ili atakayekikalia akipe kizimba kisogo.

“Asiyekujua hakuthamini,” alisema. “Kaa hapa, Baba Nyangate. Naomba unitazame na mimi.”