Ufunguo wa Bi Nakiete na Kamera Tatu

Hapo zamani, na nisiwadanganye, zamani yenyewe si ya mbali, maana simu zilikuwapo na umeme ulikuwa ukikatika vilevile kama leo, alikuwapo bibi mmoja huko Upare ya Kusini, jina lake Bi Nakiete. Kaeni vizuri. Hii ninayoileta ni kesi, na mimi Mpare nikileta kesi sitaki mtu asinzie.

Bi Nakiete alikuwa na miaka themanini na tisa, meno manne na ufunguo mmoja. Meno aliyaficha. Ufunguo aliufunga kwenye pindo la kanga. Ulikuwa ufunguo wa chumba cha duka alichokiacha marehemu mumewe pale gulioni, chumba chenye mlango mpana na dirisha la kuelekea barabarani, na hakuna mtu kijijini ambaye hakukitamani.

Waliokitamani zaidi ni wajukuu zake watatu, na wote watatu walikuwa wapiga picha.

Mkubwa, Mbonea, alirudi kutoka Dar es Salaam na kamera ya kisasa, ile isiyo na kioo ndani, ya fremu nzima. Yaani sensa yake, kile kijibamba kinachopokea mwanga, ina ukubwa uleule wa filamu ya zamani. Aliibeba kwenye begi lenye sponji na hakuruhusu mtu aiguse, hata mkewe. Wa pili, Nambike, alikuwa na kamera ya sensa ya kati, yenye lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali. Alipiga picha za mechi na za ndege wa msituni, na studio yake ilikuwa sebule ya mama yake, shuka limetundikwa ukutani. Wa tatu, Senzota, mwanamume mwenye ndevu na watoto wawili, alikuwa na kamera ya sensa ndogo, robo tu ya ile ya Mbonea, inayoingia kwenye mfuko wa koti. Yeye alipiga picha za paspoti kando ya barabara, chini ya mwavuli, na mvua ikija alifunga kazi.

Kila walipokutana walibishana. Mbonea alisema sensa ni sufuria ya kukingia mvua: ikiwa kubwa hukinga maji mengi, na ndiyo maana kamera yake iliona gizani. Nambike alisema sufuria kubwa hutaka mafiga makubwa, na kwamba lenzi ya kuifikisha kamera ya Mbonea kule ilikofika yake ingebebwa na punda. Senzota alisema sufuria kubwa huteremshwa kabatini wageni wakija, lakini kikombe hunywewa kila siku. Hakuna aliyemshinda mwenziwe, kwa sababu wote walikuwa wanasema kweli.

Siku moja Bi Nakiete akawaita.

"Babu yenu alipofariki hatukuwa na picha yake hata moja ya maana," akawaambia. "Mkachukua ile ya kitambulisho, mkaikuza, mkaiweka juu ya jeneza. Watu wakawa wananiuliza, mama, mzee amekufa amemkasirikia nani? Na yule mtu alicheka maisha yake yote. Mimi sitaki hayo. Watakaokuja kunizika nataka wanikute nacheka. Atakayeniletea picha nikicheka, nikiitazama nijitambue, ufunguo ni wake. Chumba kimoja, ufunguo mmoja, mtu mmoja."

Sasa sikilizeni ugumu ulipokuwa. Bi Nakiete alipokuwa msichana alipelekwa studio mara moja tu, huko Same mjini, na mpiga picha akamwambia asipumue, asipepese, asifungue mdomo. Akatii. Na miaka sabini baadaye alikuwa bado anatii. Akiona kamera tu, mgongo unanyooka, mikono inakwenda magotini, mdomo unafungwa.

Akaja Mbonea na sensa kubwa. Akamketisha uani, akasimika taa mbili, akasema, Bibi, cheka. Bibi akanyooka. Picha ikatoka safi, nyusi ungeweza kuzihesabu, lakini uso ulikuwa umefungwa kabisa, na kuanzia mashavuni kurudi nyuma kila kitu kilikuwa kimeyeyuka. Mbonea akaeleza kwamba huo ndio uzuri wa sensa kubwa, kuufifisha usuli, yaani yote yaliyo nyuma. Bibi akaitazama ile picha.

"Huyu si mimi," akasema. "Huyu ni kitambulisho. Na masikio yangu, mume wangu, umeyapeleka wapi?"

Akaja Nambike na sensa ya kati. Yeye hakumsogelea. Alijificha kwenye migomba ng'ambo ya bonde, siku mbili nzima, akiwa na chapati mbili na chupa ya maji. Akampata Bibi akifukuza kuku, akampata akianika maharage. Jioni ya siku ya pili akampata akicheka langoni, kicheko chenyewe hasa, isipokuwa mtu aliyesimama naye alikuwa amevaa kofia, na kofia ilikuwa imeziba mdomo wote. Hapo Bibi akaona lenzi ikimetameta, akapaza sauti kumwambia Nambike, mke mwenza wake wa utani, atoke kwenye migomba ya watu kabla siafu hawajampanda. Baadaye akaletewa picha.

"Huyu si mimi," akasema. "Hii ni kofia."

Akaja Senzota na sensa ndogo. Yeye aliingia jikoni, akakaa kwenye kigoda, akala makande. Kesho yake akarudi, akala makande. Kila siku alitoa kikamera chake mfukoni, akapiga, akakirudisha. Siku ya kwanza Bibi alinyooka. Siku ya pili alinyooka. Siku ya tatu alimwambia asogee kidogo, moshi unamwelekea. Siku ya nne alisahau kabisa kwamba kuna kamera. Senzota akampata akitabasamu, lakini jiko lile lina kidirisha kimoja cha ukubwa wa sahani, na sensa ndogo penye giza huhangaika. Picha ilijaa punje.

"Huyu si mimi," akasema Bi Nakiete. "Huu ni unga wa ulezi."

Basi wakabaki hivyo, kila mmoja akiwacheka wenziwe na kujificha asichekwe. Kisha Bibi akashikwa na kifua. Wiki nzima hakutoka kitandani, na sauti yake ikawa ndogo. Ubishi wa masufuria ukaisha siku hiyohiyo. Wajukuu waliogopa kweli, na kila mmoja, bila kumwambia mwenziwe, alikuwa ameshakwenda kuangalia kitambulisho cha Bibi kina sura gani. Ilikuwa sura mbaya kuliko ya babu.

Bibi alipopata nafuu na kurudi kwenye kigoda chake, Nambike akawaita kaka zake. Akawaambia ameikuza ile picha ya kofia mpaka ameijua kofia. Ni ya Mzee Shekiango, Msambaa muuza ugoro, mtani wa Bibi tangu ujana. Kila Jumatano, siku ya gulio, Shekiango hupanda kwa Bibi, huingia jikoni, humtukana, hutukanwa, hula makande, huondoka. Huyo ndiye anayemchekesha, na hakuna mwingine. Lakini langoni kofia inaziba, kicheko kingine kiko jikoni, na jikoni ni giza, na kamera inayoona giza lile ni ya Mbonea peke yake. Na Mbonea akiingia na kamera yake, Bibi anakuwa kitambulisho. Mtu asiyemshtua Bibi akiwa na kamera ni Senzota peke yake.

Wote wakatazama begi la sponji.

Mbonea hakula chakula cha mchana siku ile. Alipanga kila kitu kwenye kamera yake mwenyewe, mwanga, kasi, umbali, akalibana kidogo tundu la lenzi ili safari hii masikio yabaki, akavibandika vitufe plasta visisogee. Akamkabidhi mdogo wake kama mtu anayemkabidhi mtoto mchanga kwa mlevi. Akamwambia asiguse kitu, abonyeze hapa tu. Senzota akaifunga kwenye kanga, akaitia kwenye kikapu cha ndizi.

Jumatano ikafika na ukungu wake. Nambike akapanda kilimani na lenzi yake ndefu, akaivizia njia ya gulioni. Kofia ya Shekiango ilipotokea konani, akaipigia simu ya Senzota mara moja, akakata. Senzota, kule jikoni, akafungua kanga. Bibi akaiona ile kamera kubwa, akamwambia tu kwamba kamera yake imenenepa tangu wiki iliyopita. Mbonea alikuwa nje, sikio lake ukutani, anauma kidole.

Shekiango akapiga hodi, akaingia.

"Mpare, bado hujafa?"

"Nife, haya makande nimwachie nani? Wewe Msambaa uyamalize?"

"Ukifa mimi natangulia kaburini kabla yako," akasema Shekiango, akivuta kigoda. "Nalala mlemle, sitoki mpaka wajukuu wako wanipe beberu. Na ninavyowajua Wapare kwa kubana, watabishana juu ya beberu mpaka wewe uchoke kungoja, uinuke kwenye jeneza, urudi nyumbani kupika."

Bi Nakiete akacheka. Alicheka kwa meno yote manne, macho yamefumbwa, mkono umekishika kifua kilekile kilichokuwa kinauma, na Senzota akabonyeza. Kamera haikutoa hata sauti.

Picha ikasafishwa, ikaletwa Jumatano iliyofuata, Shekiango naye akiwapo. Bibi akaisogeza kwenye kidirisha.

"Huyu ni mimi," akasema, na machozi yakamtoka, wala hakuyafuta. Akasema uso huu mumewe aliuona kila siku kwa miaka hamsini na mitatu, na yeye mwenyewe hakuwahi kuuona mpaka leo.

Kisha akafungua pindo la kanga, akatoa ufunguo. Mikono minne ikanyooka.

Mbonea akasema: "Kamera ni yangu. Nyinyi mlijaribu kwa zenu mkaleta kofia na ulezi. Mwanga wa kidirisha kile umenaswa na sensa yangu, na kila kitu nilikipanga mimi. Senzota kabonyeza tu. Anayewasha taa ukutani hawi fundi umeme."

Senzota akasema: "Kabonyeza tu? Na wewe ulibonyeza, ukapata nini? Mimi nimekaa kwenye moshi mpaka Bibi akanizoea. Kikamera changu kidogo ndicho kilichomfundisha asiiogope kamera yako kubwa. Na kicheko hakingoji mtu. Mkono uliojua sasa ndiyo sasa ni huu wangu."

Nambike akasema: "Na mngekuwa mnamngoja nani mle jikoni? Mpaka leo mngekuwa mnamwambia Bibi cheka, Bibi cheka. Mimi ndiye niliyeiona siri kutoka ng'ambo ya bonde, kwa sensa hii mnayoiita ya kati, na mimi ndiye niliyewapa ishara. Bila mimi, mmoja ana kamera na mwingine ana makande."

Mzee Shekiango akasema: "Sensa siijui. Kicheko nakijua. Hicho kilichomo kwenye picha ni changu, nimekitia mimi, na ugoro wangu unanyeshewa pale gulioni mwaka wa thelathini huu. Halafu mtani akichukua kitu, mwenyewe hakasiriki."

Bibi akawatazama wote wanne. Akaurudisha ufunguo kwenye pindo, akafunga fundo, akasema kesi iende kwa ukoo.

Na ukoo ni wa Kipare, jamani. Wamekaa mara ya kwanza, wakagawanyika. Wamekaa mara ya pili, wakaahirisha. Kila hukumu inapokaribia, Bi Nakiete anamkumbuka shahidi mpya ambaye hajasikilizwa. Huu ni mwaka wa tatu. Kifua kimepona, hakosi kikao hata kimoja, anapanda kilima kwa miguu yake na kuwahoji mashahidi kuliko wakili. Picha imetundikwa sebuleni. Chumba kimefungwa. Senzota bado anafunga kazi mvua ikija, sebule ya mama yake Nambike bado ina shuka ukutani, na begi la Mbonea limeanza kuota ukungu.

Kwenye kikao kilichopita, mwenyekiti wa ukoo alichoka, akamwuliza Bibi kwa nini asichague tu mwenyewe yaishe.

"Picha iko tayari," akajibu. "Kaburi mnalijua litakapokuwa, pembeni ya mzee. Watakaonizika wapo, na wa kulala kaburini yupo. Kilichobaki ni hukumu tu. Nikiutoa huu ufunguo, hapa duniani nitakuwa nimebakiza shughuli gani?"

Mwenyekiti akafunga daftari. Tangu siku hiyo wazee wa ukoo wanasema hawajui jibu, na mimi nadhani wanalijua.

Ndiyo nikaileta kwenu, nyinyi msio na undugu nao. Je, nani alistahili ufunguo: mwenye sensa iliyoona gizani, mwenye sensa iliyofika mbali, mwenye sensa ndogo iliyomzoesha Bibi, au mtani aliyekitia kicheko? Pimeni, mseme. Na wewe unayeshika jibu, naona unalishika, je, ni wewe utakayepanda mlimani kwenda kumwambia?