Aliyekwenda Kumkata Bibi Kucha

Ndugu zangu wa kundi hili, hii nimetumiwa asubuhi nikiwa na kikombe cha chai mkononi, na chai ikapoa bila kunywewa. Mwenye mtoto anayetamani udaktari amsomee. Asiye naye asome mwenyewe, kisha ampelekee mwenye naye.

Alikuwepo msichana mmoja, Atuganile jina lake, kidato cha sita, shule ya bweni kule nyanda za juu kusini ambako ukungu ukishuka asubuhi unaweza usiondoke mpaka mchana. Wenzake walimwita Atu. Alitaka kitu kimoja tu duniani, kuwa daktari, na wala si kwa ajili ya lile koti jeupe. Mdogo wake alifia mgongoni mwa mama yao wakiwa njiani kwenda zahanati. Tangu siku hiyo Atu hakuwaza kazi nyingine.

Masomo hayakumsumbua. Kilichomnyima usingizi ni maneno ya Mwalimu Sanga, mwalimu wa ushauri, aliyewakusanya siku moja akawaambia:

"Kile chuo cha udaktari mnachokitaka hakiangalii alama peke yake. Watawaita mmoja mmoja na watawauliza, nje ya darasa ulikuwa unafanya nini? Kwa hiyo kila mtu achague shughuli yake mapema."

Wenzake wakachagua. Huyu skauti, yule kwaya, mwingine mdahalo. Atu yeye hakuchagua, alizoa. Skauti yumo, kwaya yumo, mdahalo yumo, klabu ya mazingira yumo, na klabu ya afya ndiyo usiseme. Mwalimu Sanga alipoliona jina lake kila mahali akamwita pembeni.

"Atu, Jumamosi ni moja. Saa ya mdahalo ndiyo saa ya klabu ya afya, na ndiyo saa ya kupanda miti. Wewe utakuwa wapi?"

"Kote, mwalimu," Atu akajibu, akacheka.

Mwalimu Sanga hakucheka. Alimtazama kidogo, akamwambia aende zake.

Klabu ya afya kazi yake ilikuwa kuwatembelea wagonjwa katika hospitali ya misheni, ng'ambo ya shamba la chai. Na mnajua tunavyotembelea wagonjwa sisi watu wa vikundi. Tunaingia wodini kwa wingi, sabuni mkononi, machungwa kwenye mfuko. Kila kitanda pole, sala fupi, picha ya pamoja. Halafu tunasema, "Ugua pole, tutakuja tena." Hiyo tutakuja tena tunaisema mguu mmoja ukiwa umeshafika mlangoni.

Siku ya kwanza Atu alifika mpaka kitanda cha mwisho, kilichokuwa chini ya dirisha, katika wodi ya akina mama wazee. Pale alilala bibi mmoja asiye na ndugu wa kumletea hata uji. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, meupe kama maziwa. Atu akampa sabuni, akainama karibu yake, akapigwa picha.

"Ugua pole, bibi. Nitakuja tena."

Bibi akamkamata mkono. Vidole vilikuwa vya baridi, na kucha zilikuwa ndefu, za njano, zimeanza kujikunja.

"Wewe nani?"

"Atuganile, bibi."

"Atuganile, kucha hizi zinaniumiza. Nikijikuna najichana. Ukija tena, nikate."

"Nitakuja Jumamosi, bibi."

"Umeahidi?"

"Nimeahidi."

Bibi akamwachia. Nje wenzake walikuwa wanamwita, Atu akatoka mbio.

Jumamosi iliyofuata palikuwa na mdahalo, shule jirani ilikuja, na Atu ndiye msemaji wa kwanza. Iliyofuata walikwenda kupanda miti, na mgeni rasmi alikuwepo. Kisha kwaya. Kisha gwaride la skauti. Kila pahali alipiga picha, na kila alipokumbuka zile kucha alijiambia, wiki ijayo. Alisema hivyo kwa moyo mweupe kabisa. Hapo ndipo penye ubaya wake.

Sasa sikilizeni.

Jioni moja Bupe, rafiki yake waliyelala naye chumba kimoja, akamwambia, "Leo umenipita hospitali kama hunijui. Nilikwenda kuchukua dawa ya kifua, nimekuita mpaka sauti ikakauka."

"Leo nilikuwa kwenye mdahalo, Bupe."

"Usinifanye mjinga. Ulikuwa umekaa kitanda cha mwisho, chini ya dirisha."

Atu akaona labda mwenzake anatania. Lakini alipochukua sweta lake la shule kwenye msumari, lile la kijani alilokuwa ameliacha asubuhi, lilikuwa na unyevu wa ukungu. Lilinuka spiriti, ile ya wodini. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa vizuri. Ndani yake mlikuwa na vipande vya kucha. Vya njano, vimejikunja.

Bupe aliruka nyuma mpaka akagonga kitanda. Kwetu kucha za mtu si takataka za kuchezea, kila mtu anajua zinaweza kutumika kwa kazi gani.

"Atu, nani anakuloga?"

Atu akaikunja tena ile karatasi. Walikwenda nyuma ya bweni, wakachimba, wakafukia. Hawakumwambia mtu.

Baada ya hapo mambo yakawa ya wazi zaidi. Muuguzi wa ile wodi, Nesi Mgaya, alikutana na Atu sokoni, akamshika bega kwa furaha. "Mwanangu, Mungu akubariki. Bibi yako siku hizi anakula. Anasema wiki ijayo umemwambia utamkata za miguu." Atu akaitikia, "Asante, nesi." Angesema nini? Akaondoka na vitunguu vyake.

Jumamosi iliyofuata alikuwa na mazoezi ya kwaya. Katikati ya wimbo akaweka kitabu chini, akatoka, akapita kwenye shamba la chai. Kulikuwa kweupe, saa za asubuhi, lakini ukungu ulikuwa umekaa chini kiasi kwamba hakuziona nyayo zake. Hakuingia kwa mlango. Alizunguka nyuma ya wodi mpaka kwenye lile dirisha, akafuta kioo kwa kiganja.

Bibi alikuwa amekaa kitandani, mguu mmoja nje ya blanketi. Mbele yake, juu ya ndoo iliyogeuzwa, alikaa msichana mwenye sweta la kijani, kichwa kimeinama, nywele zimesukwa mistari ya nyuma kama za Atu. Alikuwa anakata kucha kwa wembe, polepole, anapuliza, anauliza jambo, bibi anacheka.

Atu akashika sweta lake. Alikuwa amelivaa.

Yule msichana akainua kichwa, akatazama dirishani. Uso ulikuwa wake, Atu, hadi kovu dogo la kwenye nyusi. Hakukasirika, hakutisha. Alimtazama Atu kama mtu aliyekalia kiti cha mwenzake na yuko tayari kukiachia, mwenye kiti akikihitaji. Hata alisogea kidogo juu ya ile ndoo, akaacha nafasi.

Hapo ndugu zangu mimi ningependa kuwaambia kwamba Atu aliingia. Hakuingia. Alikimbia, akarudi kwenye kwaya, akaimba sauti ya pili mpaka mwisho. Aliogopa, na tusimcheke, nani asingeogopa? Alijiambia atashughulikia jambo hilo akishamaliza usaili. Kwanza apate chuo.

Wakati ulifika. Alipanda basi kwenda mjini, amevaa sare iliyopigwa pasi, ameshika faili lenye picha na vyeti vyake vyote. Mlangoni mwa chumba cha usaili alikuwepo karani mmoja mama, akamtazama juu ya miwani.

"Mbona umerudi? Umesahau kitu?"

"Ndiyo kwanza nafika, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Si umetoka humu sasa hivi?" Karani akatikisa kichwa, akamfungulia mlango. "Ingia uchukue ulichosahau, usiwacheleweshe."

Ndani walikaa watu wa jopo, na katikati yao mzee mmoja mwenye sauti ya upole, Daktari Kyando. Alipomwona akatabasamu.

"Umesahau nini, mwanangu? Tumeshakwambia, nafasi yako ipo. Nenda nyumbani ukamfurahishe mama."

Atu akashika mgongo wa kiti kilichokuwa mbele yake. Kilikuwa bado na joto la mtu.

Akaelewa. Na hapohapo wazo likamjia, nalo halikuwa wazo jema. Nyamaza. Shukuru, toka. Jina ni lako, uso ni wako, nafasi ni yako.

"Asante, daktari," akasema. "Sijasahau kitu. Nilirudi kushukuru tu."

Akageuka. Alikuwa ameshashika kitasa.

"Ngoja kwanza," akasema Daktari Kyando. "Yule bibi uliyetusimulia. Napita kule wiki ijayo, nataka nimsalimie. Umesema anaitwa nani?"

Atu akaachia kitasa.

Atu alilitafuta lile jina. Aliikumbuka sabuni, akazikumbuka kucha, akaikumbuka picha na jinsi alivyotabasamu. Jina hakuwahi kuliuliza.

"Bibi..." akaanza, akaishia hapo.

Tabasamu la daktari likafa taratibu. Aliinuka, akamsogelea, akamtazama usoni kwa muda, kisha mikononi. Atu akafungua faili kwa pupa, picha zikamwagika mezani. Atu na mche wa mti. Atu na kipaza sauti. Atu na skafu ya skauti.

"Haya yote nimefanya mimi, daktari."

"Naona. Na bibi?"

Atu akalia. "Bibi nilimuahidi."

Daktari Kyando hakumkaripia. Alimwokotea picha zake moja moja, akamrudishia. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini, ya mtu ambaye naye ameingiwa na baridi.

"Mwanangu, aliyekuwa amekaa kwenye kiti hiki alikuwa nani?"

Atu akakitazama kile kiti. Daktari akasema, kwa upole uleule, kwamba nafasi ilikuwa moja, na walishampa mwenyewe.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Atu hakurudi shuleni kwanza. Alishuka kwenye basi, akapita shamba la chai, safari hii akaingia kwa mlango. Hakuwa na sabuni wala mwenzake wa kumpiga picha. Kwenye kitanda cha mwisho bibi alikuwepo, na ile ndoo ilikuwepo, imegeuzwa, haina mtu. Atu akaikalia.

"Nani huyo?" bibi akauliza.

"Ni mimi, bibi. Atuganile. Nimekuja kukukata kucha."

Bibi akauchukua mkono wake, akakipapasa kiganja, akapapasa vidole kimoja kimoja, bila haraka, kama mtu anayechambua mchele. Kisha akaurudisha juu ya goti la Atu.

"Hapana, mwanangu. Atuganile namjua mkono wake. Jana jioni alikuja kuniaga. Amekwenda kusomea udaktari."

Atu hakuondoka. Alikaa pale machozi yakimdondoka kwenye sweta, na ukungu ukipita dirishani. Bibi alimsikia. Akangoja amalize, halafu akanyoosha mguu nje ya blanketi.

"Lakini kucha hazijui kwamba ameondoka. Kama huna haraka, wembe uko hapo dirishani."

Atu akauchukua wembe. Kabla hajaanza akauliza, "Bibi, jina lako nani?"

"Sekela," akasema bibi. "Mwenzako aliniuliza siku ile ya kwanza."

Atu akainama, akaanza na kidole kidogo.

Funzo: Kijana unayeutaka udaktari, usizoe shughuli za kwenda kusimulia, chagua moja na uifanye hadi mwisho hata pasipo wa kukupiga picha, maana ukikataa kuwa mtu uliyeahidi kuwa, nafasi yako ataikalia yeye.