Bi Rumaisa na Yamini ya Shoka

Wapenzi wa habari za waja wema wamepokezana, mmoja kwa mwenzake, kwamba hapo zamani katika nchi moja ya milima palikuwa na kijiji kilichoitwa Ummu Dhilali, yaani Mama wa Vivuli. Kijiji hicho kilikaa ukingoni mwa msitu wa mierezi. Ukungu ulishuka humo kila alfajiri ukasimama baina ya miti, safu kwa safu, kama jamaa wanaongoja swala ikimiwe. Matone yaliyodondoka kwenye matawi yale ndiyo yaliyokusanyika yakawa mto, na mto huo ndio ulionywesha mji mkuu wa Sultani, mbali kabisa huko bondeni.

Katika kijiji hicho aliishi Bi Rumaisa binti Ghalibu, Mwenyezi Mungu amrehemu, pamoja na mumewe Mzee Shuraihi. Hawakujaliwa mtoto. Kazi ya Bi Rumaisa ilikuwa kuokota: uyoga baada ya mvua, magome yaliyojibandua, nta iliyoachwa na nyuki waliohama. Kuni zake zilikuwa matawi makavu yaliyoangushwa na upepo. Shoka hakuwa nalo, wala marehemu mama yake hakuwahi kuwa nalo. Alipoingia msituni alivua viatu. Hakuna aliyemwamrisha, aliona haya tu kuukanyaga ule ukoga laini wa kijani uliotanda juu ya mawe.

Mumewe alikuwa akimtania, "Ipo siku utautolea msitu huo salamu, nao uitikie, nami nibaki mjane."

Ikatokea mwaka mmoja maji ya mto yakapungua mjini. Sultani akauliza sababu, akaambiwa kuwa baadhi ya watu wa milimani wanakata mierezi na kuuza mbao. Alikuwa mwadilifu, akaogopa kuwakatia watu riziki bila kuwapa badala yake. Akatoa amri: "Wanaoulinda msitu walishwe ngano ya Baitulmali." Amri ilikuwa fupi, hata mtoto angeihifadhi.

Amri hiyo ikafika kwa Liwali Haritha, mtawala wa jimbo la milima. Huyu alikuwa mtu wa dini na mwenye hofu nyingi. Alihofu kusimamishwa Siku ya Kiyama aulizwe juu ya kila punje. Akajiambia: "Nikimpa ngano mtu ambaye asingekata kamwe, nitakuwa nimewanunulia Waislamu nini?" Basi akaongeza sharti: apewe yule tu atakayeapa kwa Jina la Mwenyezi Mungu kwamba angekata, lau si ruzuku hii.

Kutoka kwa Liwali amri ikapanda hadi kwa Sheha Dhakwani, mkuu wa kijiji. Naye alihofu asije akaonekana mzembe. Akaongeza lake: kila atakayeapa alete shoka, litundikwe ukutani barazani, Liwali akija alione kwa macho yake. Ndivyo neno lililotoka kwa Sultani likiwa jepesi kama unyoya lilivyofika Ummu Dhilali likiwa limevishwa chuma.

Mwaka ule mvua ya mawe ilikuwa imeipiga shayiri ikalala chini, na njaa ikabisha hodi nyumba kwa nyumba. Mhunzi Kudama alifua mashoka hata akasahau majembe. Watu ambao mikono yao haikuwahi kushika mpini walitoa mbuzi wakanunua shoka, ili wapate cha kutundika. Na kulikuwa na wengine, wacha Mungu wa kweli, walioogopa dhambi ya kiapo cha uongo. Hao waliingia msituni na ukungu, kila mmoja akakata mwerezi mmoja, kisha wakaenda kuapa kwa nyoyo zilizotulia.

Bi Rumaisa hakwenda kwa mhunzi. Mumewe alikuwa amelala kwa ugonjwa wa kifua, hakuweza kumeza ila uji mwepesi, na unga wa nyumba ile ulikuwa umebaki wa kufuta chini ya chungu. Jirani yake, Bi Lubaba, akamjia mbio.

"Shoga, umekaa tu? Liwali anakuja Alhamisi, na akishaondoka mlango umefungwa. Kudama amebakiwa na shoka moja. Limepinda kidogo, lakini ukuta hauchagui."

"Nilifanyie nini, Lubaba?"

"Ulitundike! Useme yale maneno, ujitwike gunia lako. Au unataka mumeo anywe ukungu?"

"Maneno hayo yanasema kwamba ningekata. Mimi nisingekata."

"Umejuaje, wewe? Njaa bado haijakubana sawasawa." Bi Lubaba akateremsha sauti. "Mwenzio niliukata mmoja, ule mwembamba wa pale chemchemi, ili kiapo changu kisiwe na dosari. Nililia, wallahi nililia. Lakini wanangu wamekula."

Alipoondoka, Bi Rumaisa alibaki na swali lile kifuani kama mwiba. Umejuaje? Alikuwa mtu wa kuhakiki. Aliogopa kuapa uongo, na papo hapo akaogopa asije kuwa anamnyima mumewe uji kwa kujidhania wema asiokuwa nao. Labda kweli angekata. Labda huo moyo wa kukata umo ndani yake, umelala tu, na akiutafuta ataukuta, na yamini, kile kiapo, itakuwa halali yake.

Basi akaenda msituni kuutafuta. Ilikuwa baina ya Adhuhuri na Alasiri, na mwanga ulikuwa wa rangi ya maziwa. Akakaa kando ya kisiki cha Bi Lubaba, akaegemeza kichwa kwenye mti wa jirani. Harufu ya utomvu ilikuwa tamu na nzito. Akasinzia.

Akaona miti imeshuka kijijini. Mierezi ilikuwa imepanga foleni barazani, imeburuta mizizi yake kama kanzu ndefu, na kila mmoja ulinyanyua tawi la kulia. Sauti ikauliza, "Ungeanguka?" Mti ukajibu, "Ningeanguka, lau si..." na neno lililofuata likamezwa na ukungu. Ukapita mwingine, na mwingine. Kisha ikawa zamu yake. Alisimama peku katikati yao, mrefu kuliko alivyokuwa, na ndege walikuwa wakitembea mabegani mwake bila kumwogopa. Alipofumbua kinywa ili aape, kikajaa maji, matamu, ya baridi, hata hakuweza kusema lolote, wala hakutamani kusema.

Alipoamka midomo yake ilikuwa na umande. Alikuwa ameutafuta ule moyo wa kukata mpaka ndotoni, na hakuukuta.

Akarudi nyumbani, akapiga magoti kando ya kitanda cha mumewe. "Baba, nisamehe. Sitaweza kuapa."

Mzee Shuraihi akageuza uso kwa taabu. "Nikusamehe nini? Umri wote umenilisha halali, leo unikorogee uongo kwenye uji ndiyo nipone?" Akakohoa, akapumzika. "Ila kama umeona uyoga huko, huo usiuonee haya."

Alhamisi Liwali Haritha akafika juu ya nyumbu wake. Alipoona ukuta wa baraza umejaa mashoka kutoka pembe hadi pembe, macho yake yalilengwalengwa na machozi. "Alhamdulillahi! Msitu wote huu ulikuwa unaangamia!"

Sheha Dhakwani akasema kwamba nyumba zote zimeapa isipokuwa moja. Bi Rumaisa akaitwa mbele ya watu.

"Bibi," akasema Liwali, "wewe peke yako hukuleta shoka. Unakusudia kuendelea kukata?"

Watu wakacheka. Yeye akajibu akiwa ameinamisha macho.

"Bwana wangu, shoka sina. Sijakata, wala sikukusudia kukata. Nikiapa kinyume cha hayo nitakuwa nimemsingizia mja wa Mungu, na mja huyo ni mimi."

"Basi unajua kwamba huna fungu."

"Najua, bwana."

"Nami nimeambiwa mumeo ni mgonjwa."

"Ni mgonjwa. Mponyaji ni Mwenyezi Mungu."

Sheha, ambaye hakuwa na moyo mgumu, akamsogelea akamnong'oneza, "Mama, sema tu labda ningekata. Labda si uongo."

"Hiyo labda nimeitafuta, Sheha," akasema Bi Rumaisa. "Sikuiona."

Liwali akageuka akawatazama watu. Kisha akauliza, "Na hawa wenzako? Wote walikuwa wakataji?"

Bi Lubaba akajifunika uso kwa ushungi. Bi Rumaisa alijua kwamba neno moja lingemfanya Liwali amwone yeye mkweli na wengine waongo, na pengine ngano ingemgeukia.

Akasema, "Bwana, nimeulizwa habari za nafsi yangu, nazo zimenitosha."

Hapo Liwali akainuka, akauendea ukuta. Akatungua shoka moja, akapitisha kidole kwenye makali. Lilikuwa bado na mafuta ya mhunzi, halijawahi kuuma mti. Akatungua la pili, likawa vivyo hivyo. La tatu likamnata mkononi kwa utomvu mbichi.

"Shoka hili limekata mti lini?"

"Juzi, bwana," akalia Bi Lubaba. "Niliukata ili nisiape uongo."

Sauti nyingine ikasema, "Nami pia." Na nyingine.

Liwali Haritha akakaa chini, juu ya udongo, na kilemba chake kikalegea. "Sultani aliniambia niwalishe walinzi," akasema, "nami nimewauzia mashoka. Amri yake si yangu kuizidisha wala kuipunguza. Sharti la kiapo nililizidisha mimi, na leo naliondoa. Na lako, Sheha?"

"Langu lilipanda mgongoni mwa lako, bwana," akajibu Sheha. "Lako likishuka, langu litakaa wapi?"

Watu wakacheka kwa machozi. Liwali akaamrisha ngano igawiwe nyumba zote za Ummu Dhilali. Wanakijiji wenyewe ndio watakaoshuhudia, kila baada ya swala ya Ijumaa, jinsi msitu ulivyolindwa. Na aliyekata apande miche na aitunze hadi ishike.

Bi Rumaisa alipoletewa gunia hakulipokea mara moja. "Ni la kiapo?" akauliza.

"Ni la ulinzi," akasema Liwali.

"Basi hilo nalipokea. Jazakallah."

Wasimulizi wamehitilafiana juu ya Mzee Shuraihi. Wengine wanasema alipona, akamzika mkewe. Wengine wanasema alifariki kabla ya mvua mpya, akiwa ametabasamu. Lakini wote wameafikiana kwamba jioni ile alikunywa bakuli zima la uji, akalipangusa kwa kidole, na hakukuwa na kiapo cha mtu ndani yake.

Tuzingatie, ndugu zangu. Sultani alitaka heri, Liwali alihofu israfu, Sheha alihofu lawama. Hapakuwa na mwovu kati yao, na bado miti ilianguka. Aliyepewa amri aifikishe basi aifikishe kama alivyoipokea. Na akiwa hana budi kuongeza neno lake, apande mwenyewe mlimani atazame limefanya nini kwa watu. Na sisi tusio na mamlaka, Mola atujaalie ujasiri wa yule bibi, wa kukubali kukosa fungu pale tulipoulizwa ukweli.