Jina la Paji la Basi

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, ni zamani ya juzi ambayo baadhi yenu mliiona kwa macho, kulikuwa na basi lililolala Kisangeni, kijiji cha juu kabisa milimani Upare. Kila asubuhi lilishuka mjini, kila jioni likapanda. Kwa miaka ishirini na miwili lilikwama matopeni, likasukumwa, likafika. Halafu barabara ikatiwa lami. Watu wakachinja ng'ombe, wakacheza hadi visigino vikauma. Hawakujua kwamba basi lililoshinda matope litashindwa na lami.

Maana barabara ikinyooka, kila mwenye uwezo hutamani gari lake. Wa kwanza kununua alikuwa Mbonea, mtunza pembe ya kijiji, ile ipulizwayo kuita watu. Wa pili akamwiga Mbonea, wa tatu akamwiga wa pili. Likawa linashuka gari na mtu mmoja ndani, na linalofuata na mtu mmoja, na nyuma yao basi la viti arobaini lina watu saba. Mwenye basi, aliyekaa mjini, akachoka. Akaamuru lisimame palepale lilipolala.

Sasa msikilizeni Nakiete. Alikuwa mjane, mkulima wa tangawizi, akiishi na mama yake, Bibi Namsifu, aliyekatwa mguu mmoja kwa ugonjwa wa sukari. Kila baada ya wiki mbili bibi alitakiwa kliniki mjini. Pikipiki hakuiweza, maana pikipiki inataka miguu miwili. Tangu basi lisimame, gari la Mbonea lilibeba abiria, lakini kwa nauli ya kukausha mfuko, na mara nyingi lilikuwa limeshajaa. Bibi akakosa kliniki mara mbili mfululizo. Siku moja Nakiete alipokuwa akimwosha, akaona kidole cha mguu uliobaki kimeanza kuwa cheusi. Aliogopa sana, na hakumwambia mama yake alichokiona.

Akashuka kwa miguu, saa tano za njia, mpaka kwa mwenye basi. Yule bwana akampa chai, akamsikiliza, kisha akatoa sharti lake. "Siku arobaini mfululizo. Kila asubuhi abiria ishirini, na basi litabaki barabarani. Siku moja akipungua hata mtu mmoja, naliuza chuma chakavu, na usije tena kunipigia hodi."

Nakiete akapanda mlima akiwaza. Basi lilikuwa limesimama miaka miwili mvuani na juani, je, lingewaka? Hapo ndipo alipokwenda kwa Mzee Senkondo, dereva wa zamani. Kijiji kizima kilikuwa kikimtania kwamba anaosha maiti, kwa sababu kila Jumamosi alilifuta basi vumbi, akalitia maji, akaliwasha, akaliacha lingurume mpaka lipate joto, kisha akalizima na kwenda zake. Hakuna aliyemtuma na hakuna aliyemlipa. Senkondo akamsikiliza Nakiete, akaenda moja kwa moja kwenye basi. Alipanda, akazungusha ufunguo mara moja, na basi likaitika.

Basi lipo. Abiria je? Kisangeni wana mila ya msaragambo. Pembe ikilia, kila kaya hutoa mtu na jembe, wakazibue mfereji au wafukie mashimo ya njia. Asiyetoka hutozwa faini, na lililo baya zaidi, hutaniwa mpaka msibani. Nakiete akafikiri: kaya inayoweza kutoa mtu na jembe, itashindwaje kutoa mtu na nauli, kwa zamu? Jioni kwa jioni, akitoka shambani, alipita nyumba hadi nyumba, kaya mia na kumi na nane, hadi kandambili zikamkatikia njiani. Walimcheka. Tangu lini kukaa kwenye kiti ikawa kazi ya kijiji? Naye kila mlangoni alisema neno lilelile: "Mfereji usiopitisha maji huziba. Na basi ni vivyo hivyo."

Wakaishiwa cheko, wakakubali, ila kwa sharti moja. Msaragambo hauendi bila pembe. Na pembe iko wapi? Iko kwa Mbonea, ambaye gari lake lilikuwa likiishi kwa abiria walioachwa na basi.

Nakiete akaenda. Mbonea alikuwa akilifuta gari kioo. Alimsikiliza hadi mwisho, akauliza, "Unaniomba nipulize pembe ya kuliua gari langu mwenyewe?"

"Ndiyo, baba," akasema Nakiete. Hakulipaka jibu asali.

Siku mbili zikapita. Siku ya tatu, kabla jogoo wa kwanza hajamaliza, pembe ikalia milima mizima. Na watu walipofika kituoni wakamkuta Mbonea ndiye wa kwanza kwenye foleni, nauli mkononi. Gari lake lilibaki uani hadi kuku wakatagia kiti cha nyuma. Wenye magari wengine walipoona hivyo, wangesema nini? Waliomwiga kununua wakamwiga kuegesha.

Siku kumi zikapita, abiria ishirini. Siku ishirini, abiria ishirini. Siku thelathini, abiria ishirini na watano, na bibi ameshafika kliniki mara mbili, kidole kimetibiwa na kimeanza kupona. Siku ya arobaini kukawa na msiba kijiji cha pili, na nusu ya watu walikuwa wamelala huko. Senkondo akahesabu vichwa, Nakiete akiwemo: kumi na tisa. Akahesabu tena, kumi na tisa. Nakiete akasimama mlangoni akitazama njia. Akamwona mama yake anakuja na magongo yake, polepole, siku ambayo si ya kliniki.

"Mguu mmoja unahesabiwa?" bibi akauliza.

"Sijaambiwa nihesabu miguu, mama," akasema Senkondo. "Panda."

Basi likashuka na watu ishirini, na Nakiete alilia njia nzima bila kuona haya.

Mwenye basi alitimiza ahadi. Akalileta limepakwa rangi mpya, na fundi wa maandishi juu ya ngazi. Akasema, paji la basi, pale juu ya kioo cha mbele, lina nafasi ya jina moja tu, jina la aliyeliokoa. Na mwenye jina ndiye atakayemiliki kiti cha mbele kando ya dereva, chenye nafasi ya kunyoosha mguu, akae yeye au ampe ampendaye, maisha yake yote. Msisahau kwamba sasa basi linajaa hadi watu wanasimama, na kidonda cha mwenye sukari kikigongwa na kapu la mtu, hakiponi upesi.

Senkondo akasema, "Kesho linaendeshwa na kijana. Macho yangu yamechoka. Nililitunza wakati nyote mlikuwa mmelizika. Bila mimi mngekuwa mmepanda kutu. Nataka tu kukaa mahali ninapoisikia injini."

Mbonea akasema, "Nakubali, mimi ndiye niliyeleta ugonjwa wa magari. Lakini nani mwingine hapa amepoteza kitu? Gari nimeliuza. Bila pembe yangu, Nakiete angeongea na milango hadi leo."

Wote wakamgeukia Nakiete. Alitaka kusema kwamba yeye ndiye aliyetembea, yeye ndiye aliyebuni zamu, bila yeye chuma kingelala na pembe ingenyamaza. Alitaka sana kile kiti. Lakini alimtazama Senkondo aliyekuwa ameweka kiganja juu ya boneti, akakumbuka pembe ilivyolia asubuhi ile, akarudi nyuma hatua moja.

Bibi Namsifu ndiye aliyesema, kutoka kwenye kigoda chake. "Msimpe mwanangu kwa ajili ya mguu wangu. Mkimpa, mpeni kwa ajili ya miguu yake."

Fundi akachovya brashi, akaiinua, rangi inadondoka juu ya kiatu chake, naye anasubiri jina.

Nyie mliokaa hapa mkinisikiliza, mlioshuka kwa miguu na mlioshuka kwa magari yenu: fundi anawatazama ninyi. Senkondo, Mbonea, au Nakiete? Je, nani alistahili?