Mchanga Ndani ya Gunia la Pamba

Wapendwa, kulikuwa na mkulima mmoja wa pamba, mtu wa ibada kama ninyi, tena sauti yake kwaya iliitegemea. Kila msimu, kabla ya kupeleka gunia kwenye mizani, alilinyunyizia maji, akatia na mchanga katikati ili lilemee. Jirani yake alikuwa mjane aliyechambua pamba yake mpaka jani la mwisho, safi huku, fifi, ile chafu, kule. Mkulima akipita humcheka.

"Mama, unachambua pamba au mchele? Hiyo inakwenda ng'ambo! Nani huko anakujua?"

"Hata mimi simjui, baba. Lakini ni mtu."

Miaka ikapita, figo za mkulima zikashindwa kazi. Akawa analazwa kando ya mashine, damu inatoka kwa mpira mmoja, inapita kwenye kichujio, inarudi kwa mwingine. Na aliyemsindikiza hospitali ni nani? Rafiki zake wa kwaya? Ni yule yule mjane.

Siku moja akamwuliza nesi, "Mwanangu, humo ndani kinachosafisha ni nini?"

"Ni utando mwembamba, babu. Huu wetu umetokana na nyuzi za pamba. Sumu inapenya, damu inabaki."

Mkulima akauliza kwa sauti ndogo, "Na kama pamba ilitiwa mchanga?"

Nesi akacheka. "Babu nawe! Mtu gani atie mchanga kwenye damu ya mwenzake?"

Mjane alikuwa amekaa pale pale, na alijua. Mnadhani alisema? Aliinama tu, akamfunika miguu kwa shuka. Mkulima akageukia ukutani kwa aibu, akalia.

Sisi je? Wewe unayepanga nyanya mbovu chini ya tenga na nzuri juu, wewe unayeongeza maji kwenye maziwa, si unasema, "Yanakwenda mjini, mlaji simjui"? Hatumjui, basi hatumwonei aibu! Tunangoja mpaka tulale sisi kwenye kile kitanda ndipo tuulize maswali.

Naona vichwa vimeinama. Viacheni viiname, sikuja leo kuwabembeleza. Aibu ikikupata kabla gunia halijafika kwenye mizani, hiyo ni rehema, ndugu yangu. Ununuzi wa pamba unaanza kesho. Tukitoka hapa, twendeni tukayafumue magunia.