Bangili za Ngozi Mbichi

Sogezeni masikio, wenye midomo mirefu wakae nyuma!

Palikuwa na zimwi, bosi wa kula jasho la wenzake. Lilimaliza mbuzi wa kijiji kizima, na alfajiri moja likamjia Syokau, fundi wa pinde, limle yeye. Syokau alikuwa akiuzungushia upinde uliopasuka ukanda wa ngozi ya ng'ombe, mbichi, iliyotoka kulowekwa. Upinde haukuwa tayari. Lakini ulimi haukumwacha.

"Karibu, mheshimiwa. VIP gani hana hata bangili?"

Zimwi likanyoosha mikono kwa pupa.

"Fasheni ya mjini, mikono pamoja!" Syokau akaifunga kwa ile ngozi, akashuka miguuni.

"Laini kama utumbo!" zimwi likacheka. "Nitaikata nikitaka."

"Ota jua kwanza."

Jua likachomoza, ngozi ikakazana. Jua likapanda, ngozi ikakazana. Jua likafika utosini, ngozi ikawa chuma.

"Dada, legeza! Plizi, dada!"

"Ngozi hulegezwa na maji, kaka. Subiri masika."

Kijiji kizima kikatoka kikicheza. Mwaka ule masika yalichelewa, na hakuna aliyelalamika. Nimemaliza, mwenye kubisha alete mikono.