Subilaga na Moto wa Jivuni

Mfukua jivu kwa hofu hushinda na baridi. Mmeisikia kanisani leo mkabaki kutazamana, na sasa mwaniuliza imetoka wapi. Haya, methali hii ilianza hivi, na anayetaka kubisha amalize uji wake kwanza.

Huko Rungwe, kabla kiberiti hakijajulikana, masika moja yalinyesha mpaka vyura wakaomba hifadhi ndani ya nyumba. Mwaka huo mwanamke mmoja, Subilaga, aliokoka. Aliimba akichota maji, akaimba akilima, akaiimbia hata migomba yake, nayo ikazaa mikungu miwili miwili. Kisha nguruwe wa Ambwene, mwanamke jirani yake, akaingia kwenye maharage yake. Subilaga alimporomoshea Ambwene tusi ambalo siwezi kulitamka hapa. Nguruwe mwenyewe, wanasema, aliziba masikio.

Toka siku hiyo hakuimba tena. Aliona wokovu umemtoka kama maji kwenye ungo. Kila Jumapili mhubiri alipowaita wanaotaka kuokoka, wa kwanza kupiga magoti mbele alikuwa yeye. Akiinuka, yu mwepesi; akifika mlangoni, shaka imeshamdaka: je, umepokelewa kweli? Jumapili ifuatayo, magoti tena. Halafu akaja mhubiri mgeni akasema aliyeokoka akianguka, mlango hufungwa. Basi usingizi ukamwisha kabisa. Akifa leo, ataamkia wapi?

Asubuhi moja mama mkwe wake, Bibi Tupokigwe, alifukia moto jivuni, akajitwika jani la mgomba kujikinga na mvua.

"Mkamwana, nakwenda kumjulia hali mgonjwa. Kijiji kizima moto umebaki kwetu tu. Usiuguse mpaka nirudi."

Subilaga akaketi kando ya jiko. Na ukizimika je? Akachukua kijiti, akafukua. Kaa jekundu likamkonyeza. Akalifukia. Hajakaa vizuri, moyo ukamuuliza: lilikuwa jekundu, au ulitamani tu liwe jekundu? Akafukua tena. Safari hii lilikuwa limenywea. Akalipuliza kwa nguvu, likarusha cheche, likapasuka. Kufika alasiri jivu lilikuwa limetapakaa hadi uvunguni, makaa meusi, naye anatetemeka, meno yakigongana.

Bibi Tupokigwe alimkuta analia.

"Mama, nimeuzima. Kama nilivyouzima wokovu wangu."

"Nani alikutuma kufukua?"

"Nilitaka kujua kama upo."

"Na ulipouona upo, mbona hukuacha?"

Bibi akachutama, akasogeza figa moja, akachimba chini, chini kuliko kijiti kilikofika. Kisiki kizima kikatokea, kinacheka kwa wekundu.

"Wewe ulikuwa unachokonoa vijikaa vya juu. Hiki nilikizika mimi kabla hujaamka. Uhai wa moto huu haukuwa mikononi mwako, mwanangu. Ulichopoteza ni joto la siku nzima."

"Na wokovu, mama?"

"Aliyeuwasha wa kwako hufukia chini kuliko mimi."

Subilaga akafuta machozi, kisha akashtuka. "Kwa hiyo mtu atukane tu apendavyo?"

"Hee! Kaa lisilochoma wala kuivisha, utaliita kaa? Umempigia Mungu magoti mpaka yakaota sugu. Kwa Ambwene umekwenda?"

Njia ya kwenda mbele ya kanisa aliijua hata akifumba macho. Ya kwenda kwa Ambwene, hatua chache tu, hakuwa ameikanyaga tangu atukane. Lakini akachukua kigae, akatia kaa, akalifunika kwa jivu, akatoka mvuani. Njiani vidole vilimwasha vikitaka kufunua, atazame kidogo tu. Hakufunua.

Ambwene alikuwa amejikunyata na wanawe kwenye jiko lililokufa.

"Umekuja kumalizia tusi?"

"Nimekuja kuomba msamaha, dada yangu. Nilikukosea. Na nimekuletea moto."

Ambwene akachungulia kigaeni. "Mbona naona jivu tupu? Una hakika umo?"

Subilaga alicheka, mara ya kwanza tangu siku ya nguruwe.

"Umo. Lete nyasi za darini."

Ndipo watu wa kule waliposhika kusema, wakimwona mtu anajichokonoa roho kutwa kucha: mfukua jivu kwa hofu hushinda na baridi.